Tembo wa Wodi ya Watoto

Mama Rangi, fundi wa mabango, aliingia wodi ya watoto na makopo yake ya rangi. Binti yake alikuwa amelazwa humo, mguu umefungwa plasta. Alikuwa amechora tembo kwenye karatasi, na muuguzi akampenda sana tembo wake. Akaomba tembo huyo achorwe ukutani, awe mkubwa.

"Mama, usimbadilishe hata kidogo," binti alisema.

"Niachie mimi, mwanangu!"

Mama alichora kwa kukisia. Ukuta ulikuwa mpana, naye akampanua tembo. Wodi nzima ikaangua kicheko.

"Huyo ni nguruwe mwenye mpira wa maji puani!" alisema mtoto wa kitanda cha pili.

Binti hakucheka. Aligeukia upande wa pili, akajifunika shuka.

Mchana wifi yake Mama Rangi alikuja kumwona mgonjwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alitazama ukuta, akauma midomo asicheke.

"Wifi, cheka tu, yaishe," alisema Mama Rangi. "Kisha unisaidie."

Walifuta ukuta. Wifi akachora miraba ya sentimita moja juu ya karatasi ya binti yenye tembo.

"Pembe hii ya chini kushoto ni sifuri yetu. Ncha ya mkonga iko wapi?"

"Nne kulia, mbili juu."

"Sawa. Tunamkuza mara kumi."

"Basi kumi na nne kulia, kumi na mbili juu!"

"Hapo umejumlisha, wifi. Ukijumlisha kumi kila mahali, tembo atahama tu. Atabaki mdogo vilevile. Zidisha."

"Arobaini kulia, ishirini juu."

"Haswa! Pima sentimita hizo kutoka pembe ya chini kushoto ya ukuta, utie alama."

"Nikizidisha namba ya kulia peke yake?"

"Utampata yule nguruwe wa asubuhi. Zidisha zote mbili kwa namba ileile. Hapo atakua bila kuharibika sura."

Binti alichungulia kutoka kwenye shuka, akaichukua karatasi. "Ncha ya sikio: saba kulia, tisa juu," alisoma.

"Sabini, tisini!" watoto wakaitikia vitandani.

Alama zikajaa ukutani. Mama akaziunganisha, kisha akapaka rangi. Binti alimkagua tembo kuanzia miguu hadi kichwa.

"Ndiye," alisema, akitabasamu. "Mama, na twiga je? Si atagonga dari?"

Mama akacheka, akamkabidhi kalamu.

"Mchore kwanza. Dari tutaipigia hesabu."