Binti wa Shimo la Ndizi

Asubuhi ile Theopista alipofungua ofisi ya utamaduni, alipokelewa na harufu ya ndizi za pombe zilizofukiwa ziive: utamu mzito wenye moshi ndani yake. Alikagua kabati, akachungulia chini ya meza, akafungua dirisha linalotazama maduka ya Miembeni. Nje hewa ilikuwa safi. Alipopiga magoti ndipo akajua ilikotoka. Ilipanda kutoka sakafuni, kwenye saruji.

"Nani kaleta ndizi humu?" aliuliza mkuu wake, Ndugu Mushumbusi, akiziba pua.

"Humu hamna ndizi."

Alimjibu bila kumtazama. Tangu wiki iliyopita hakuweza kumtazama bila hasira.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Theopista alikuwa amepewa kinasa sauti azunguke Muleba akusanye ngano za wazee kabla hazijapotea, na aliipenda kazi hiyo kama mtu apendavyo kwao. Karibu na Rubya alimpata Bibi Kokushubila, ajuza mwenye sauti ya msichana. Bibi alimsimulia habari za baba aliyemfukia bintiye katika shimo la kuivishia ndizi, kwa kuwa binti alikataa kuozwa kwa mzee mwenye ng'ombe wengi. Binti aliimba mle shimoni. Wakata majani walimsikia, wachota maji walimsikia, wakaenda kumwambia baba, naye akawajibu kila mara, "Huo ni upepo."

"Hii haikatwi njiani, mwana wange," Bibi alimwonya. "Ukimwacha shimoni, atatafuta mwenyewe pa kutokea."

Theopista hakuikata. Aliyeikata ni Mushumbusi. Kanda zilikuwa zimekwisha, kulikuwa na hotuba ya kunaswa, naye akachukua kanda ya Rubya na kuifuta kuanzia pale binti anapoimba mara ya mwisho.

"Mashimo na mahari!" Mushumbusi alimcheka Theopista alipolalamika. "Sisi tunajenga taifa, wewe unalilia hekaya za bibi vizee."

Theopista alikumbuka kisa chote, lakini wimbo wa mwisho, wa Kihaya cha zamani, ulikuwa umemponyoka.

Baada ya harufu ukaja udongo. Aliukuta ndani ya mashine ya kupiga chapa, mweusi, umelowa, na vipande vya majani makavu ya mgomba. Aliusafisha, baada ya chakula cha mchana ulikuwa umerudi. Kisha siku moja, mvua ya ziwani ikipiga mabati hata watu walilazimika kusemezana kwa sauti kubwa, Mushumbusi aliijaribu ile kanda kabla ya kufika wageni waliotarajiwa kuisikia hotuba, na hotuba ikaanza vizuri, ikanguruma, halafu chini yake kukasikika kugonga, pole pole, kama ngumi inayogonga ubao kupitia udongo, na Mushumbusi akazima mashine, na kugonga hakukukoma, kwa sababu hakukuwa kwenye kanda, kulikuwa chini ya kiti chake, na kila alipohamisha miguu kulihama naye.

"Umesikia?" aliuliza Theopista.

Midomo ilikuwa imemkauka Mushumbusi. "Huo ni upepo," alisema.

Theopista alihisi nywele zikimsimama. Na papo hapo hasira ikampanda kuliko hofu. Alichukua mwavuli, akatoka, akapanda lori la kahawa lililokuwa linarudi Muleba.

Bibi Kokushubila alimsikiliza akiwa anamenya ndizi. Alipokwisha kusikiliza, alikitupa kisu.

"Mlikuja kwangu na maneno matamu. Eti mtazihifadhi ngano! Nikawapa alichonipa mama yangu, na yeye alipewa na mama yake, mkamkanyagia mtoto wa watu hotuba kichwani!"

"Si mimi, Bibi."

"Najua si wewe. Ndiyo maana hakugongei wewe."

Kesho yake waliingia ofisini pamoja. Mushumbusi alikuwa amekaa juu ya meza, miguu ameikunja kama kuku. Hakuuliza ajuza ni nani. Bibi aliketi sakafuni, akaweka kiganja juu ya saruji kama mtu anayempima mtoto homa, akaanza ngano upya, pasipo haraka, mpaka kwenye wimbo wa mwisho. Akauimba. Alipovuta pumzi, wimbo haukukatika. Uliendelea chini yao, kwa sauti changa iliyojaa udongo: *Tata, Tata*, baba, baba. Saruji ikapasuka chini ya meza, ufa mwembamba, na ile harufu ikatoka kwa nguvu hata Theopista akatapika pale alipokuwa amesimama.

"Mjibu," Bibi alimwambia Mushumbusi.

"Mimi si baba yake!"

"Aliyemfukia ndiye baba yake. Mwambie umemsikia."

Mushumbusi alimgeukia Theopista. Machozi yalimtiririka usoni, yule mtu aliyecheka.

"Ndugu Theopista, wewe unaijua hadithi hii. Nikimjibu, ataondoka?"

Theopista alikuwa anaijua. Alijua baba alijibu nini, na baada ya hapo ikawaje. Angeweza kusema. Aliikumbuka sauti ya Bibi ikifutwa, na kile kicheko.

"Hapa ofisini ataondoka," alisema.

Mushumbusi akashuka, akapiga magoti, akakwaruza ufa kwa kucha mpaka zikatoa damu. "Nimekusikia," alilia. "Nimekusikia, mwanangu. Toka."

Kimya. Mvua tu. Hata harufu ikakatika.

Bibi Kokushubila alijifunga vizuri kanga yake, akainuka. Theopista alimsindikiza mpaka mlangoni, na ndipo Mushumbusi, bado yuko chini, alipouliza kwa unyonge:

"Bibi, hadithi inaishaje?"

"Baba alimtoa mwanawe," alisema ajuza. "Akamchukua nyumbani kwake. Akakaa naye siku zote za maisha yake."

Mushumbusi alikuwa anaishi Rwamishenye na mkewe, hawakujaliwa mtoto. Jioni ile alipofika, mkewe alikuwa ameshapakua. Kulikuwa na sahani tatu.

"Mbona unashangaa?" mkewe alimwambia, akimpisha mtu mlangoni. "Mwambie mtoto anawe mikono. Ana udongo mpaka kwenye viwiko."