Kilichovuta Kutoka Ndani ya Jora

Mizani ilikataa kutulia.

Katika kiwanda kile cha magunia ya plastiki, kila jora la kitambaa lilipozungushwa, mpimaji alipachika ukanda mwembamba wa chuma katikati ya mikunjo, kisha akauvuta kwa mizani ya ndoano. Ukitoka kwa shida, jora limekazwa mno, ukiteleza, limelegea. Siku hiyo, kwenye mashine ya tatu, alivuta, na ndani ya jora kitu nacho kikavuta, taratibu, kama mtu aliyelala anapojivutia shuka.

Aliandika namba, akaendelea na kazi. Jioni kidole chake kilikuwa kimekufa ganzi. Kesho yake, kiganja. Kadiri ganzi ilivyopanda, hata woga ulimtoka. Wiki ilipoisha, mwanawe wa miezi minane, akinyonya, alimng'ata kwa meno mapya mpaka damu ikachanganyika na maziwa, naye akamtazama tu, kama anayemtazama mtoto wa jirani.

Mama mkwe wake, aliyezoea kumpashia maji ya kuoga bila kuombwa, ndiye aliyeiona damu. Akampeleka kwa mganga. Mganga akamchoma sindano kuanzia kidoleni mpaka begani, naye hakushtuka.

"Ndani ya jora mna jini, anakuvuta uingie," mganga alinong'ona.

"Nikimwachia ukanda?"

"Hataki ukanda. Anataka mkono. Hatakuachia wako mpaka ashike mwingine."

Asubuhi alisimama mbele ya jora la mashine ya tatu, mizani mkononi, na harufu ya udongo mbichi ikitoka mikunjoni, na kitambaa kikipanda na kushuka polepole kama ubavu wa mtu anayepumua, na ukanda ukijirudisha ndani kidogo kidogo ingawa hakuna aliyeugusa. Kicheko, mkata magunia, aliyekuwa akimshikia zamu kila alipokwenda kumkamulia mtoto maziwa, akamsogelea. Akamtania kwamba anaona ameposwa na jora.

"Lete, mdogo wangu. Leo nakuvutia mimi."

Mpimaji alijua inampasa kumwambia. Akamfikiria mwanawe. Akampa mizani.

Jioni ile, nyumbani, mtoto alimng'ata, na maumivu yakamfika mpaka moyoni. Alilia kwa furaha. Mama mkwe akamkumbatia, naye akakihisi kila kidole cha mama huyo mgongoni.

Kesho yake Kicheko alikuwa kwenye kisu chake cha moto, akisimulia kisa, wenzake wakicheka. Kisha wakanyamaza, mmoja mmoja. Harufu iliyowafikia haikuwa ya plastiki.

"Dada," mpimaji alinong'ona, "mkono wako."

Kicheko akautazama pale ulipokuwa umeegemea kisu, bila haraka.

"Ee," alisema. "Kumbe uko hapo."