Fundi Yupo

Kila asubuhi ya likizo, Kifungo alifagia chumba cha mbele, akapangusa meza ya kukatia, kisha akaketi mlangoni na kopo lake la vifungo. Jina hilo alipewa na mama yake siku alipojifunza kushona kifungo kikashika barabara, hata shati likichanika chenyewe kinabaki. Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa, nyumba yao haikuwa na pa kukanyaga: sketi huku, kaptura kule, marinda yakingoja pasi.

Mwaka huu kulikuwa na badiliko. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Kidonda kilipopona, daktari alimpa vidonge vya tiba ya homoni, avimeze kila siku kwa miaka kadhaa ili ugonjwa usirudi. Vidonge hivyo vilimletea joto la ghafla. Ametulia tu, mara jasho linamtiririka kama mtu aliyeinamia jiko. Ndiyo maana aliihamishia cherehani chumba cha nyuma, penye dirisha la upepo, na Kifungo akawa mpokea wateja.

Joto lingekuwa peke yake, Kifungo angelizoea. Kilichomshinda ni hasira. Mama yake mcheshi, aliyekuwa akiimba huku akikanyaga cherehani, siku hizi aliweza kuja juu kwa sababu ya sindano iliyoanguka. Punde analia, punde anaomba radhi. Kifungo akiamka hakujua leo atamkuta mama yupi.

Siku moja rafiki yake alikuja kuchukua sketi, akiwa na wasichana wawili wa darasa lao. Rafiki huyo aliitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kifua. Habari ikimfikia asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Redio alijipimia sketi kiunoni, akasema kwa adabu kwamba upindo umepanda upande mmoja. Na kweli ulikuwa umepanda.

"Basi tafuta fundi mwingine!" Mama alifoka akitokea chumba cha nyuma, akampokonya sketi na kuitupa sakafuni. "Mmenichosha, nyote!"

Kisha akaketi juu ya rundo la vitambaa na kulia kwa kwikwi mbele yao. Kifungo alitamani ardhi ipasuke immeze. Msichana mmoja alimnong'oneza akitaka kujua mama yake ana nini. Kifungo alijibu kwamba hajui, ingawa alijua vizuri sana. Redio aliondoka bila sketi yake.

Tangu hapo Kifungo alikata shauri kwamba hakuna atakayemwona tena Mama katika hali ile. Mteja akibisha hodi, yeye alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini kuwa fundi hayupo, amesafiri. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Baadaye ukazoea, na hilo lilimtisha kidogo. Alijiambia kwamba anamlinda mama yake, lakini ukweli ni kwamba alikuwa akijilinda mwenyewe. Dereva mmoja wa lori alikuja na kitambaa cha sare za watoto wake, akasikitika, kwa maana hakumwamini fundi mwingine. Kifungo akamwelekeza kwa fundi wa barabara ya pili.

Huko nyuma cherehani ilianza kunyamaza. Mama alimaliza kazi alizokuwa nazo, akapanga nyuzi kwa rangi, akaitia mafuta cherehani isiyohitaji mafuta. Kila mara aliuliza kama kuna mtu aliyekuja. Kifungo alijibu hapana, macho yakiwa ndani ya kopo.

Asubuhi moja Mama alimimina maji ya kumezea dawa, akayatazama. Kisha akaichukua pakiti ya vidonge na kuiweka juu ya kabati, nyuma ya pasi mbovu.

"Kuanzia leo simezi," alisema bila hasira yoyote. "Nimewafukuza watu kwa mdomo wangu. Shule zinafunguliwa na sina hata kaptura moja ya kushona. Bora nirudi kuwa mimi, tupate kula."

"Daktari alisema usiache, Mama."

"Daktari hashindi hapa akiniona."

Kifungo alijua vidonge vile ni vya kuzuia nini. Mama yake alikuwa karibu kuufungulia ugonjwa mlango, kwa sababu ya uongo uliosemwa mlangoni. Alilishika kopo, akaliweka chini, akalishika tena. Aliwaza kusema baada ya kula, au labda kesho. Kisha akamwona Mama akiyamwaga yale maji, akapiga moyo konde.

"Mama, watu hawakukukimbia. Walikuja wengi. Mimi ndiye niliyewaambia umesafiri."

Mama aligeuka polepole. "Kwa nini?"

"Niliona haya. Siku ile ya Redio." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Niliona haya kwamba wewe ni mama yangu."

Lilikuwa neno baya kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu, na lilikuwa la kweli. Mama uso ulimshuka. Aliuvua utepe wa kupimia shingoni, akautundika kwenye msumari wa mlango.

"Ngoja nikatembee kwanza," alisema. "Nikikujibu sasa hivi nitakuumiza."

Kifungo alibaki akiutazama utepe ule, akijiona mtoto mbaya kuliko wote mtaani. Mama aliporudi alikuwa ametota jasho, lakini pumzi zimetulia. Aliishusha pakiti, akameza kidonge, akamwambia avae viatu waende kliniki. Huko kila mmoja angesema lake.

Muuguzi wa kliniki, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliwasikiliza bila kuwakatiza. Mama alikiri kwamba hakuwahi kutaja zile hasira, maana alidhani amekuwa tu mtu wa tabia mbaya, akaona aibu. Muuguzi alieleza kwamba baadhi ya wanawake hubadilika hisia wakiwa katika tiba hiyo, na si tabia. Daktari angemwona siku hiyohiyo, amuulize kuhusu usingizi wake, na ikibidi abadilishe dawa. Alimwambia pia kwamba wapo wanawake wenzake wanaokutana pale kuzungumza. Kule kutoka na kutembea kabla ya kujibu alikusifu.

"Lakini usiache dawa kimyakimya," alisema. "Tuambie, tutafute njia pamoja."

Kisha akamgeukia Kifungo, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Mwanangu, kuona haya si kosa. Hata mama yako aliona haya, ndiyo maana hakutuambia. Kosa ni kuifunika aibu kwa uongo. Ulimficha mgonjwa ukweli, akajihukumu kwa jambo ambalo halikutokea, na angeweza kupoteza uhai wake. Ukizidiwa, sema."

Njiani Mama alimruhusu kumweleza ukweli yeyote atakayeuliza. Jioni hiyo Kifungo alimpelekea Redio sketi, upindo ukiwa umenyooshwa, akamweleza kila kitu, pamoja na uongo wake. Kinyume na kawaida yake, Redio aliuliza kwanza amwambie nani.

"Wote," alijibu Kifungo. "Waambie fundi yupo."

Redio hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wateja walianza kurudi, ingawa si wote. Dereva wa lori alikuwa ameshashonewa kwingine, na Kifungo alipokutana naye njiani aliinamisha macho. Alimwomba radhi hivyohivyo.

Siku chache baadaye utepe ulikuwa umetundikwa tena msumarini. Mwanamke mmoja alifika na binti yake, mmoja wa wale wasichana waliokuja na Redio, akauliza kama fundi yupo. Kifungo alihisi uso ukimwaka. Aliuacha mlango wazi.

"Yupo. Mama yangu anatibiwa saratani, ametoka kidogo kutuliza moyo. Karibuni mketi, ninaweza kuanza kupima."

Mama alikuwa amefika kizingitini, akayasikia yote. Aliutoa utepe msumarini, akamvisha bintiye Kifungo shingoni.

"Anza na mabega, Kifungo," alisema. "Na safari hii tuangalie upindo."