Kijani Maana Yake Simama

Siku Wakio alipomtukana Khaemba kwa mara ya kwanza, stesheni ya Voi ilikuwa imejaa pomoni. Treni ya Mombasa ndiyo kwanza imeingia, wapagazi wanapigiana kelele, akina mama wanauza ndizi madirishani, na pale langoni gari moja la ajabu limezima na kuwazuia watu wote. Bodi yake ilitoka kwenye gari la jeshi, injini kwenye gari la daktari aliyerudi kwao Uingereza, na dashibodi kwenye gari la tatu lisilojulikana. Chini yake ilichomoza miguu miwili.

"Wewe mwenye miguu!" Wakio akafoka. Alivaa gauni jeupe la zahanati ya shamba la mkonge, na kitambaa chekundu kichwani. "Toa kopo lako, watu wapite!"

Khaemba akatoka, uso mzima grisi. Alipomwona aliyemtukana, alisahau spana ilikokuwa.

"Dada, hili si kopo. Ni gari."

"Gari gani la kusukumwa?"

"Linasukumwa na wanaolipenda. Shika hapo nyuma."

Na jamani, akashika! Wengine huanza kwa barua. Hawa walianza kwa kusukuma.

Basi kila saa sita mchana simu ya zahanati ikawa inalia, Khaemba, fundi wa magari, anapiga kutoka gereji ya mjini.

"Zahanati hapa."

"Naumwa, kipenzi."

"Wapi?"

"Penye sikio. Lakini sasa nimepata nafuu."

"Mjinga wewe! Weka simu chini, kuna wagonjwa wa kweli hapa." Lakini yeye mwenyewe hakuiweka.

Jumapili Khaemba alimfundisha taa za dashibodi. "Hii nyekundu ni ya chaji. Inawaka siku zote kwa sababu dainamo si ya gari hili. Usiijali. Lakini hii ya kijani, roho yangu, ikiwaka ujue oili haifiki kwenye injini. Simama hapo hapo. Ukiendelea, injini inakufa."

"Kijani ni kusimama? Baba asikusikie!"

Baba mwenyewe, Mzee Mwandawiro, alikuwa mtu wa reli. Miaka ishirini aliwapungia madereva wa treni bendera na taa: nyekundu simama, kijani nenda. Magari hakuyaamini, na mkwe ambaye kwao ni siku mbili kwa treni hakumtaka. Wakio alilia wiki nzima, hata ugali akasusa, ndipo mzee akatoa sharti moja.

"Jumapili naenda Taveta kwa dada yangu Dinah. Kijana, utanipeleka na hicho kitu chako. Kikinifikisha, lete wazee wako tuongee. Kikinitupa njiani nikapanda treni, usikanyage kwangu tena."

Jumapili ikafika. Mzee akakaa mbele na suti yake ya kanisani, Wakio nyuma na gauni la samawati, kile kitambaa chekundu, na kikapu cha zawadi za shangazi. Hawajafika mbali baada ya Mwatate, mzee akaruka.

"Nyekundu hiyo! Umepofuka?"

"Haina neno, Mzee. Ni dainamo tu."

"Miaka ishirini sijaona nyekundu isiyo na neno!" Akashikilia mlango mpaka Maktau, midomo ikisema sala.

Walipopita Mbuyuni, jiwe liligonga chini ya gari, kwaa! Khaemba akatega sikio. Dakika chache baadaye taa ya kijani ikawaka.

"Aaa!" Mzee akaegemea kiti na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu Voi. "Sasa njia imefunguka. Nenda, kijana."

Mlima Salaita ulionekana mbele. Taveta haikuzidi maili kumi na tano. Jasho likamtoka Khaemba. Akisimama, amemkosa Wakio. Akiendelea, pengine injini itavumilia. Pengine! Mapenzi humtia mtu ujinga asiozaliwa nao. Akakanyaga mafuta.

Wakio alikuwa ameiona taa. Alingoja gari lisimame, halikusimama. Akamtafuta Khaemba kwenye kioo, naye akakwepesha macho. Harufu ya chuma cha moto ikaanza kupanda.

"Khaemba, simamisha."

"Tunakaribia."

"Simamisha, au nimwambie Baba."

Gari likasimama. Mzee akageuka huku na huku. "Kuna nini? Taa si imeruhusu?"

Ikabidi Wakio aeleze yote. Mzee akashuka, akaenda kusimama kando ya reli iliyopita sambamba na barabara.

"Kama hunitaki ungesema tukiwa Voi," Khaemba akanong'ona kwa uchungu. "Si kunivua nguo mbele ya baba yako."

"Nisikutake mimi? Ulimwacha Baba anatabasamu huku unamdanganya! Kesho utanidanganya mimi hivyo hivyo."

"Niliogopa kukukosa!"

"Na mimi naogopa kuolewa na mwongo."

Neno hilo lilimchoma. Akaenda kwa mzee, kofia mkononi. "Mzee, nilijua taa inasema nini, nikaendelea. Nimekosa."

Mzee akampa mgongo. Khaemba akarudi, akaingia chini ya gari. Jiwe lilikuwa limetoboa tangi la oili, lakini tundu lilikuwa dogo. Wakio akamega sabuni ya shangazi kikapuni, akainama na kumpa azibie, na vidole vyao vikagusana kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Tundu likazibika. Lakini oili yote ilikuwa imebaki barabarani, na nyingine hawakuwa nayo.

Ndipo honi ya treni iendayo Taveta ikasikika. Mzee akamvua binti yake kitambaa chekundu, akakipunga. Treni ya mizigo ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Mzee Mwandawiro!" Obadiah, gadi wa treni, akacheka kutoka behewa la mwisho. "Gari limekutupa? Panda!"

Mzee akaweka mguu kwenye ngazi. "Wakio, twende."

"Siendi, Baba."

"Unasemaje?"

"Nimekuja naye, nitaondoka naye." Hakusogea.

"Nikuache porini, penye tembo, na mwanamume asiye mume wako?"

"Hilo uamue wewe, Baba. Langu nimeshaamua."

"Wakio, nenda," Khaemba akasihi. "Usigombane na mzazi kwa sababu yangu."

"Wewe nyamaza!"

Gadi akapuliza filimbi. "Mzee, unapanda ama hupandi?"

Mzee akamtazama binti yake, machozi yanamtiririka na kidevu kiko juu. Akamtazama fundi, grisi mpaka masikioni. Akashusha mguu.

"Obadiah, dereva wako ana oili?"

"Ya treni, iko."

"Nipe makopo mawili, kisha nenda zako."

Treni ikaondoka. Mzee akayabeba makopo mwenyewe, akiwa ndani ya suti yake ya kanisani. Khaemba akayapokea kwa mikono miwili, akamkodolea macho.

"Usinikodolee macho, mimina!" mzee akafoka. "Na siku nyingine taa ikikwambia simama, simama. Usingoje kuambiwa na mke wako."