Lebo ya Sabuni ya Shangazi

Kila asubuhi, Penseli na mama yake hugawana meza moja. Upande huu Mama humenya viazi. Upande wa pili Penseli hufungua kompyuta. Mama husogeza sufuria mbali, maji yasije yakarukia mashine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Penseli ni jina la utani. Utotoni hakukosa penseli nyuma ya sikio. Sasa ni mtu mzima, na kazi yake ni usanifu wa michoro. Hubuni mabango ya maduka, kadi za mwaliko na lebo za bidhaa. Alisomea kazi hiyo miaka miwili, na anaipenda.

Wateja hakuwakosa. Alichokosa ni heshima.

"Si kubonyeza tu?" walimwambia. "Dakika mbili umemaliza!"

Kinyozi mmoja alibadili mawazo mara tisa. Bango liwe jekundu. Hapana, kijani. Hapana, rudisha jekundu. Aliporudishiwa, akasema, "Sasa kama ni lile lile la kwanza, nikulipe kwa kazi gani?"

Penseli alicheka, lakini moyoni aliumia. Kaka yake mkubwa akamtafutia kazi kwenye ghala la saruji alilofanyia kazi yeye, ya kuandika mifuko inayoingia na kutoka. Jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi. Zilibaki wiki tatu.

Siku hiyo mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa shangazi yake, kashika chupa ya sabuni ya maji.

"Wifi, hujambo? Penseli mwanangu, nimeanza biashara! Nichoree lebo. Nitakaa hapa hapa nikuelekeze."

Akavuta kiti.

"Weka ua. Kubwa zaidi. Weka jua. Na nyota nyota. Weka na picha yangu, ile ya harusi ya binamu yako, nilipotengenezwa nywele nikapendeza."

"Shangazi, jina la sabuni litakaa wapi?"

"Libane hapo chini, litaenea."

Penseli akalibana. Mama alikohoa kidogo.

"Umeona? Hata chai haijapoa!" Shangazi alisimama. "Nitumie kwenye simu, nikachapishe mwenyewe. Na malipo je? Aa, mtu na shangazi yake! Ubarikiwe, mwanangu."

Akaondoka akiimba.

"Mama, mimi naenda kwenye saruji," Penseli alisema. "Mfuko wa saruji hauwezi kuniambia niongeze nyota."

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kitambaa alichokuwa amejiwekea. "Basi usiende kazini na nguo kuukuu. Kashonewe mpya."

Fundi wa cherehani aliishi nyumba ya pili. Alikuwa mama mwenye maneno mengi, hata akiwa na pini mdomoni. Alimpima Penseli mabega, kiuno na mikono, huku Penseli akimsimulia kisa cha lebo ya Shangazi. Kila kipimo alikiandika daftarini. Kisha yakaja maswali.

"Utakaa au utasimama? Kuna vumbi? Mifuko mingapi?"

Alipomaliza, alimsomea. "Nguo moja, mifuko miwili, Jumatano. Utaijaribu mara moja, nitarekebisha. Ukitaka mtindo mwingine baada ya hapo, hiyo ni kazi nyingine. Nusu sasa, nusu ukija kuchukua. Weka sahihi."

Penseli aliweka sahihi. Ghafla akajishangaa.

"Fundi, mbona sijakuomba unipunguzie?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Zamani kila mtu aliniomba! Nilikuwa nakata kitambaa mteja akiwa bado mlangoni. Nilidhani haraka ndiyo ufundi. Wakasema, 'Si kukanyaga cherehani tu?' Ujuzi wangu ulikuwa kichwani, nani angeuona? Siku hizi nauliza kwanza. Wewe, shangazi yako alipokuja, ulimuuliza nini?"

"Jina la sabuni litakaa wapi."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Basi ulimwazima mkono tu. Akili yako hujamwonyesha."

Fundi akachana ukurasa mmoja wa daftari, akampa. "Chukua. Uone ninavyoandika mapatano. Badilisha ya kushona, weka ya kuchora."

Wiki moja baadaye, Shangazi alirudi. Hakuimba.

"Chupa arobaini, zimeuzwa tatu," alisema. "Na mbili nimenunua mimi."

Zamani Penseli angeomba radhi na kukimbilia kompyuta. Safari hii alichukua daftari. "Twende dukani, Shangazi. Nataka kuona."

Mwenye duka aliwapa viti nyuma ya magunia, wasionekane. Akaja mteja, akainua chupa, akaigeuza. "Haya mafuta ya nywele ni mapya?"

Akaja mwingine. "Bibi harusi huyu ni nani?" Akairudisha.

Shangazi alifunika uso kwa mtandio. Mabega yakamtikisika. Penseli akaogopa kwamba analia. Kumbe anacheka.

"Kwa hiyo nywele zangu zilipendeza kweli!"

Wote wawili wakacheka mpaka machozi. Walipotulia, Penseli alianza kuuliza.

"Shangazi, anayenunua sabuni yako ni nani? Anaiona akiwa umbali gani? Kwa nini aache ile aliyoizoea?"

Shangazi alifikiri. Kisha akafungua viganja. "Zamani nilifulia watu. Sabuni ilinipasua mikono hadi nikashindwa kushika kijiko. Ndipo nikatafuta namna ya kutengeneza yangu. Hii haipasui."

Penseli hakuwahi kujua hilo. Aliishika mikono ile. "Hilo ndilo halimo kwenye lebo."

Nyumbani, aliandika mapatano. Lebo moja. Michoro mitatu ya kuchagua. Marekebisho mara mbili. Siku ya kumaliza. Bei, nusu mwanzo na nusu mwisho. Mchoro wa kuchapishia utatolewa malipo yakikamilika.

"Karatasi?" Shangazi alimaka. "Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Wewe huyo huyo, Shangazi. Ndiyo maana sitaki tukosane."

Shangazi alimtazama Mama. Mama akamsogezea kalamu. Shangazi akaweka sahihi.

Baada ya siku nne, Penseli alileta michoro mitatu ya penseli, akaeleza kila mmoja. Shangazi alichagua ule wa viganja viwili.

"Lakini ongeza kanyota."

"Nyota itamwambia nini mnunuzi?"

Shangazi aliwaza. "Haitamwambia kitu. Iache."

Lebo ilikuwa nyeupe, na jina lilisomeka kutoka upande wa pili wa duka. Chini yake kulikuwa na maneno matatu: Haipasui mikono yako. Penseli alichagua karatasi ya plastiki, kwa sababu sabuni hushikwa na mikono iliyolowa. Shangazi alilipa nusu iliyobaki bila kukumbushwa. Juu yake akaongeza chupa moja kwa Fundi.

Chupa zote zilizobaki ziliisha kwa siku tano. Shangazi akaanza kuleta wateja. Mlangoni aliwaonya, "Huyu atakuuliza maswali. Jibu vizuri, utafaidika."

Mwisho wa mwezi kaka alipiga simu.

"Kaka, asante kwa kunihangaikia," Penseli alisema. "Lakini ghalani sitakuja. Kazi yangu ni hii."

"Sawa, dada. Shangazi ameshanisimulia, tena mara nne." Akakohoa. "Sasa... sisi hapa bango letu la barabarani limechakaa. Ungetuchorea?"

Penseli alifungua ukurasa mpya wa daftari. Moyo ulimdunda kwa furaha, lakini sauti aliituliza.

"Niambie kwanza, kaka. Bango hilo linasomwa na nani?"

"Aa... madereva. Halafu huwa wanapitiliza!"

"Wanatokea upande gani?"

Kaka akaguna. "Hebu subiri," alisema, "ngoja nitoke nje nikaangalie."