Mgeni au Fundi

Siku ya kwanza walipokutana, mwanamke ndiye aliyemdhania mwanamume kuwa kibarua, na halikuharibika neno.

Ilikuwa katika duka la vitambaa, mwisho wa mwezi, wateja wamejazana hadi kwenye ngazi na majora yakipitishwa juu ya vichwa vya watu. Mwanamume, ambaye wote walimwita Mwalimu, alikuwa ameingia kutafuta kitambaa cha meza. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la rangi ya kunde, lililomkaa mwilini bila kumbana popote, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake mithili ya kidani. Bila kumtazama usoni, alimkabidhi ncha ya kitambaa kizito cha kijani.

"Shika hapo, uvute," akamwambia. "Usilegeze."

Mwalimu akashika, akavuta, wala hakulegeza. Mwanamke alipima, akakunja uso, akapima tena. Alipogeuka ndipo alipoviona viatu vilivyong'arishwa na kalamu mbili mfukoni, akajifunika uso kwa kiganja. Alimwomba radhi papo hapo, kwa sauti ya kusikika na duka zima. Mwalimu akamjibu kwamba kazi ni kazi, ila mshahara wake hajauona. Mshahara ukawa soda ya baridi kwenye kibaraza cha duka la jirani, na kabla chupa hazijaisha walikwisha kupeana majina. Yeye akaitwa Sarufi, kwa kuwa alisahihisha kibao cha mwenye duka hata kabla hajakaa. Mwanamke akaitwa Sindano, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa ukichoma na kushona kwa wakati mmoja.

Kazi zao ziliwakaribisha mahali pamoja, japo kwa milango miwili. Mwalimu aliwafundisha wageni lugha ya nchi, na alikuwa amepanga kijumba cha uani katika mtaa ambao watu wote waliuita Mtaa wa Wageni. Waliokaa humo walikuja kutoka mbali kwa ajili ya ofisi na miradi, wakaishi miaka miwili au mitatu, kisha wakafunga masanduku. Sindano alikuwa fundi wa mapazia. Aliujua mtaa ule dirisha kwa dirisha, kwani kila aliyehamia aliyachukia mapazia ya aliyehama. Lakini mafundi wote waliingilia geti dogo la pembeni. Waliacha vitambulisho kwa mlinzi, wakapewa kizibao cha manjano cha kuvaa juu ya nguo, na hawakuruhusiwa kupitisha kitu kingine zaidi ya vifaa vya kazi. Geti kubwa lilikuwa la magari, la wakazi na la wageni wa wakazi.

Mapenzi yalipokomaa na mazungumzo ya ndoa yakaanza, likaja swali la wapi wangeishi. Sindano aliishi kwa shangazi yake, katika mtaa ambao ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na redio yake ndiyo saa yako. Kila jioni simu zao ziligeuka baraza.

"Haya, Sarufi, tupime," angesema. "Faida ya kwanza, maji hayakatiki. Umenisikia? Hayakatiki."

Faida zake alizisema kwa hamu ya mtu anayesimulia harufu ya chakula. Miti imefunika barabara. Mtu anaweza kutembea kwa miguu bila kuchapwa na kioo cha pikipiki. Na kile kijumba kina madirisha mawili yanayolipokea jua la asubuhi, mahali pa kuweka cherehani mbili bila kuwasha taa.

Mwalimu ndiye aliyekuwa wakili wa hasara. Hakuna jirani atakayegonga kuomba chumvi, alimwambia. Ukimzoea mtu, kinachofuata ni kumsaidia kufunga masanduku. Sherehe itaombewa kibali, msiba nao kibali, na shangazi atahojiwa getini kila akija kuwaona.

"Shangazi ahojiwe tu," Sindano akacheka. "Anapenda kuhojiwa. Mlinzi ndiye atakayechoka." Kisha sauti yake ikapungua. "Lakini hebu niambie, kipenzi. Unanionea huruma au unanikataza?"

"Nakuonea huruma, mpenzi wangu," alijibu, na kwa wakati ule aliyaamini maneno yake.

Wakakubaliana kwamba Jumapili alasiri Sindano angekuja si kwa kazi bali kwa kukaribishwa. Angekaa kitini, anywe chai, ajulishwe kwa mama mwenye nyumba, kisha waamue. Siku ile aliipanga Mwalimu mwenyewe. Kila mara alipotaka kumweleza mama mwenye nyumba, akaona bora amalize kwanza somo lililokuwa mkononi.

Mama huyo alikuwa mjane mgeni aliyestaafu akabaki nchini, mpole, mwenye kupenda utulivu, naye pia alikuwa mwanafunzi wake. Jumapili ile alikuja kibarazani na daftari lake kufanya mazoezi ya vitenzi, na Mwalimu hakupata njia ya kumwambia kwamba anamngoja mtu. Mara simu ya getini ikalia. Ilikuwa ya zamani, na ilipaza sauti pande zote mbili.

"Mwalimu," mlinzi alisema, "kuna dada hapa, yule wa mapazia, ila leo amependeza kweli. Anasema anakuja kwako. Nimwandike mgeni au fundi?"

Mama mwenye nyumba aliinua kichwa. Mwalimu alizitazama nywele zake nyeupe, akakumbuka kwamba mkataba wa kijumba ulikuwa ukikaribia kwisha, na kwamba alipangishwa kwa sifa ya kuwa mtu mmoja, msomi, asiye na kelele. Hayo yote yalimpitia kwa muda wa kumeza mate.

"Fundi," akasema.

Kisha akamsikia mlinzi akizungumza na mtu aliyesimama karibu kabisa na kile kipaza sauti: haya dada, pitia geti dogo, kizibao hiki hapa.

Sindano alifika amevaa gauni jeupe lenye vimaua vya buluu. Mwalimu alilijua lile gauni kwa sauti kabla ya kuliona kwa macho. Wiki nzima cherehani ilikuwa ikilishona huku wakizungumza kwenye simu. Juu yake kilikaa kile kizibao cha manjano, chenye doa la mafuta ya fundi mwingine begani. Alimsalimia mama mwenye nyumba kwa adabu. Kisha akamgeukia yeye.

"Habari za mchana, bosi."

Mwalimu alifungua kinywa. Sindano alikuwa amekwisha kutoa futi kwenye mkoba wake wa kutokea. Akaingia ndani, akapima dirisha la kwanza, akapima la pili, yale yale ya jua la asubuhi, kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuyawazia.

"Bosi angependa pazia zito au jepesi?"

"Jepesi," Mwalimu alijibu.

"Mimi ningekushauri zito. Jepesi linaonyesha kilichomo ndani." Akamnyooshea ncha ya futi. "Shika hapo, bosi, uvute. Usilegeze."

Akashika. Vidole vyao havikugusana. Kibarazani, mama mwenye nyumba alikuwa ameacha kuandika.

Jioni ile Sindano hakupokea simu, wala siku zilizofuata. Asubuhi ya Jumatatu Mwalimu alipotoka, alikuta kwenye kibanda cha mlinzi mche wa yasmini katika chungu kilichofungwa utepe wa kitambaa cheupe chenye vimaua vya buluu.

"Ni wa yule dada," mlinzi alimweleza, akijikuna kisogo. "Alisema ni zawadi ya nyumba. Nikamwambia fundi haruhusiwi kuingiza mche. Nisamehe, Mwalimu, ndiyo sheria yao."

Mwalimu alisema hapana kosa, akapita. Hakuthubutu kuuchukua. Angeuchukua kwa jina la nani? Ukabaki pale getini, mlinzi akiumwagilia kwa kopo, na kila alipoingia na kutoka alijikuta akitazama upande wa pili wa barabara.

Baadaye yakaletwa mapazia. Yalikuwa mazito, yameshonwa kwa unyoofu usio na hata uzi mmoja wa ziada, na hapakuwa na ujumbe wowote. Aliyatundika, kwa sababu kutoyatundika kungekuwa kumkataa mara ya pili. Kijumba kikaingia giza saa sita mchana. Katika giza hilo alizipitia upya hasara zake zote, ile ya chumvi, ile ya masanduku, ile ya shangazi, akaona kwamba zilikuwa za kweli na kwamba hakuna hata moja iliyokuwa yake. Hasara yake hakuwa ameitaja. Aliona haya. Alimpenda mwanamke ambaye mtaa ule ulimjua kwa kizibao, na alitaka ampende mahali ambapo wenye mtaa hawatamwona. Huruma yote ile aliyokuwa akimmiminia ilikuwa pazia tu, tena lenye mshono mbovu.

Mara moja tu simu ilipokelewa.

"Sindano wangu, nisikilize—"

"Nakusikiliza tangu getini," alimkata. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Siku ile dukani nilikuita kibarua kwa kutokujua, na nikakuomba radhi mbele ya watu. Wewe ulinijua. Tena hukudanganya, Sarufi, ndiyo maana inauma. Mimi ni fundi kweli. Neno langu mwenyewe umenipiga nalo."

Aliyemvunja kabisa hakuwa Sindano, bali mama mwenye nyumba, tena katikati ya somo. Walikuwa wanarudia swali lile la siku ya kwanza kabisa, swali ambalo Mwalimu alikuwa amelifundisha kwa mamia ya watu huku akiwaonyesha picha: huyu ni nani?

"Mwalimu, naomba msaada," mama alisema, akiyapanga maneno yake taratibu, moja moja. "Mimi ni mgeni. Ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Yule mwanamke wa gauni jeupe si mgeni. Nchi ni yake. Na fundi haji Jumapili na maua. Nilipita getini, nikaona maua." Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo, huyu ni nani?"

Mama alingoja kwa subira ya mwanafunzi mwema, kisha akasema polepole kwamba laiti angeambiwa, angeleta vikombe vyake vya maua. Mwalimu akatambua kwamba yule jaji aliyemwogopa siku zote alikuwa amemtengeneza yeye mwenyewe, akamvika nywele nyeupe za bibi asiye na hatia.

Siku iliyofuata hakwenda kazini. Alikwenda kwa akina Sindano, akamkuta shangazi mtu ameketi mlangoni akichambua mchele. Shangazi alimwangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akamjulisha kwamba mwenyewe yumo ndani, ila wiki hizi ulimi wake umenolewa, basi aingie kwa uangalifu.

Cherehani haikusimama alipoingia. Aliongea juu ya mlio wake. Alimweleza yote bila kujipunguzia: haya, mkataba, na zile hasara alizozipanga mbele ili kuificha moja. Akasema angehama mtaa ule wiki hiyo hiyo, waishi popote atakapo, na kwamba anaomba kumwoa ikiwa bado yupo mtu wa kuombwa.

Cherehani ikanyamaza.

"Uhame kwa nini? Mtaa umekukosea nini?" Sindano alikata uzi kwa meno. "Ukihama kwa ajili ya haya, utahama nayo, tena utaipa chumba chake. Na hapa unaniomba kwa sauti tamu kwa sababu hapa ni bure. Shangazi anakujua, paka anakujua. Lile neno lilikopotelea ndiko linakopaswa kuokotwa."

"Basi twende," alisema Mwalimu.

Sindano aliyatazama mavazi yake: gauni la kazini la rangi ya majivu, nyuzi zimemganda kifuani. Mwalimu alidhani atabadilisha. Hakubadilisha.

Walifika getini mchana kweupe, magari ya wakazi yakirejea kwa chakula. Mlinzi alipomwona Sindano akanyoosha mkono kwenye msumari wa vizibao, kwa mazoea tu.

"Kiache hapo, kaka," Mwalimu alisema. Nyuma yao gari lilisimama, kioo kikateremshwa. Mwalimu akapaza sauti. "Siku ile nilikupa neno baya. Huyu ni mwanamke ninayemwomba anioe akipenda. Tunaomba geti kubwa."

Mlinzi alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Anioe? Kumbe, dada, wewe si fundi?"

"Ni fundi," Sindano akamjibu. "Kilichoharibika ni yeye."

Mlinzi akacheka hadi funguo zikamponyoka. Akalisukuma geti, likabingirika kwenye reli yake, na barabara yote ikafunguka mbele yao, miti pande mbili, kivuli hadi mwisho. Sindano alisimama kizingitini.

"Pazuri," alisema hatimaye. "Miaka yote hii sijawahi kupaona kutokea upande huu."

Mwalimu alitamani msamaha, na badala yake akapata maneno hayo. Yalimwingia zaidi ya tusi lolote. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna jibu la lile ombi lake.

"Jibu nitalitoa nikishayashusha yale mapazia. Nataka kwanza nione kama kweli jua linaingia." Akaingia kwenye kibanda, akauchukua mche wa yasmini uliokuwa umetoa machipukizi mawili, akamkabidhi chungu kilicholowa maji, na udongo ukamchuruzikia juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Shika hapo," akamwambia, akatangulia katikati ya barabara. "Usilegeze."