Ngitili Nyuma ya Nyumba

Violeth alikuwa akifagia uwanja kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mdogo wake, Magesa, alizoa taka na kuzitupa nyuma ya nyumba. Maganda ya viazi, majivu, vifuko vya barafu, mifuko ya sukari, vyote vilikwenda pamoja. Mama yao, Limi, alibakiza mifuko michache ya kuwashia moto.

"Plastiki inashika haraka," alisema.

Moshi mweusi ulijaa jikoni. Magesa alikohoa, lakini uji uliiva. Hivyo ndivyo familia nyingi za kijiji cha Samuye zilivyoishi, na hakuna aliyeona shida.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Nyasi ziliisha mapema. Kati ya ng'ombe wao wachache, yule wa maziwa alizunguka nyuma ya nyumba akitafuta chochote cha kula. Kisha akaacha kula kabisa. Tumbo lilimvimba. Pantaleo, baba wa watoto, alimpigia simu afisa mifugo, Bwana Donatus. Donatus alipofika, ng'ombe alikuwa ameshakufa. Ndama wake alisimama kando, akilia.

Donatus alimpasua tumbo. Ndani alikuta donge kubwa la plastiki, limesokotana kama kamba.

"Njaa imemfanya ale hivi," alisema. "Plastiki haitoki wala haiozi. Imemziba."

Violeth alitazama lile donge. Aliona vifuko vya barafu, vyekundu na vya kijani.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "hivyo ni vyetu."

Pantaleo hakumgombeza. Alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa.

Jioni jirani yao, Zamoyoni, alikuja kuwapa pole. Wote walimwita Mama Yasini. Alifuga nyuki, na alikuwa amehudhuria mafunzo ya kutunza miti.

"Shikamoo, Mama Yasini," Violeth alisema.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Mama Violeth, pole."

"Asante," Limi alijibu. "Unajua ninachowaza? Nawaza nyumbani kwetu, karibu na Ushirombo. Baba yangu alikuwa na ngitili."

"Ngitili ni nini, Mama?" Magesa aliuliza.

Limi alishangaa. Alikuwa hajawahi kumweleza mwanawe.

"Ni eneo la malisho linalofungwa," alisema. "Mvua zikianza, mifugo haiingii. Nyasi zinakua, miti inakua. Kiangazi kikikolea, baba anafungua. Sisi watoto tulichuma matunda ya furu na ukwaju humo, na kila asubuhi tuliamshwa na ndege wake. Babu yenu alituonyesha mti mmoja mmoja na jina lake. Ng'ombe wetu hawakula mifuko. Walikuwa na nyasi."

Macho yake yalikuwa mbali.

"Ilikwenda wapi?" Violeth aliuliza.

"Baba alipofariki, watu walikata miti wakachoma mkaa. Nikaolewa huku. Nikasahau."

Mama Yasini aligeukia kipande cha ardhi tupu nyuma ya nyumba. "Hapa si patupu kama mnavyodhani," alisema. "Njooni."

Aliinama, akawaonyesha kisiki kifupi chenye machipukizi membamba.

"Kisiki hiki ki hai. Mizizi yake iko chini. Kila kikichipua, mbuzi wanakula. Chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyo imara, mengine mkate. Halafu zuieni mifugo. Hakuna haja ya kununua miche."

"Na taka?" Pantaleo aliuliza.

"Tenganisheni. Maganda, majani na samadi vitieni shimoni, mvifunike kwa udongo. Vikioza mtapata mboji ya bustani. Plastiki wekeni kwenye gunia. Kuna wanaonunua chupa na plastiki pale mjini Maganzo. Na msiwashie moto plastiki, Mama Violeth. Moshi wake ni sumu kwa mapafu ya watoto."

"Nitawashia nini?"

"Magunzi makavu. Mama yako aliwashia nini?"

Limi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Magunzi."

Kesho yake kazi ilianza. Pantaleo alizungushia eneo matawi ya miiba. Limi alimpa kila mtoto visiki vyake vya kutunza. Alifanya kama baba yake alivyofanya: hakuwahubiria, aliwapa kazi na majina ya miti. Magesa alikosea majina, akarudia, akayashika. Yule ndama walimlisha maziwa ya jirani na majani waliyokata mbali. Haikuwa rahisi. Mbuzi waliingia mara kwa mara, na Violeth alilia siku walipomaliza kula machipukizi yake. Akaanza upya kwenye kisiki kingine.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena.

Kiangazi cha pili Pantaleo alichoka kwenda mbali kutafuta malisho. Aliwaleta ng'ombe hadi kwenye ua wa miiba, akaanza kuondoa tawi. Magesa alisimama mbele yake.

"Bado, Baba. Tulikubaliana tusubiri ukame wenyewe."

"Hawa wana njaa kidogo tu, mwanangu."

"Tukifungua leo, mwezi ujao watakula nini?"

Pantaleo alimtazama mkewe. Limi alielekeza kidevu kwa Magesa.

"Haya," Pantaleo alisema, akarudisha tawi. "Wenye ngitili wameshasema."

Mwezi uliofuata nyasi za kijiji kizima zilikuwa zimekwisha. Ndipo walipofungua. Yule ndama, ambaye sasa alikuwa mtamba mwenye mimba, aliingia wa kwanza. Nyasi zilimfika tumboni.

Limi alichukua simu, akampigia kaka yake, Thobias, kule Ushirombo.

"Kaka, tuna ngitili," alisema. "Watoto wameitunza."

Thobias akauliza, "Ndege wapo?"

Limi alinyoosha mkono wenye simu juu ya nyasi, ili kaka yake awasikie mwenyewe.